Tundu, shimo, mwanya, pengo: namna ya kuchagua neno kabla hujampigia fundi

Ukimpigia fundi simu ukamwambia "nina shimo ukutani" tayari ushampa picha ya kitu kikubwa, atakuja na mchanga na ndoo ya simenti, kumbe ulicho nacho ni tundu la msumari tu, ama ufa uliotoka kwenye kona ya dirisha ukapanda mpaka darini, na hizo ni kazi tafauti kabisa na bei tafauti, tena ule ufa huenda ni msingi unatitia kwa hivo haufai kupakwa plasta kabla mtu hajaangalia chini. Kiswahili kina jina la kila namna ya uwazi lakini siku hizi hapa Mombasa nasikia watu, hasa vijana, wamebaki na neno moja, kila kitu shimo, shimo la sindano, shimo la chaja, shimo kwenye meno, na inaniuma wallahi manake maneno yenyewe hayajapotea bado, kaa na wazee Kibokoni, kule Mji wa Kale, jioni moja ama simama karibu na mafundi wa vyombo vya baharini wanapofanya kazi utayasikia yote.

Sasa namna ya kuchagua ni hivi. Kabla hujasema neno jiulize, huu uwazi una chini ama unatokeza upande wa pili? Umewekwa makusudi ama ni kitu kimeharibika? Na pale palikuwa na kitu kikatoka ama hapakuwa na kitu tangu mwanzo? Ukijibu hayo neno litakuja lenyewe, na kitendo chake kitalifuata, manake hapa ndipo wengi wanapokosea, kila uwazi una vitendo vyake vya kuufanya na vya kuuondoa.

Tuanze na shimo kwa sababu ndilo linaloonewa. Shimo lina chini. Unaweza kutumbukia, unaweza kumwaga kitu kikabaki mle. Shimo huchimbwa na likishamaliza kazi hufukiwa. Shimo la taka, shimo la choo, shimo la kupandia mnazi, na haya mashimo ya barabarani ambayo mvua za masika zikipiga yanageuka madimbwi na mwenye tuktuk hajui lina kina gani mpaka gurudumu lizame. Angalia hapo, shimo ni lile ambalo lipo hata jua likiwaka, dimbwi ni yale maji yaliyotuama. Na kama maji yamepita yakachimba ardhi kwa urefu, kama zile njia za mteremko zisizo na lami, hilo si shimo tena ni korongo, ukisema "barabara ina makorongo" mtu anajua hata pikipiki itapata taabu. Likichimbwa na watu kwa urefu ni mtaro kama ni la kupitisha maji, na handaki kama ni la kujificha ama la kupita chini kwa chini.

Shimo lililochimbwa mpaka likapata maji ni kisima, hata kama ni kile cha siku hizi cha kuchimbwa kwa mashine chenye mdomo mdogo usioingiza hata ndoo. Mji huu umeishi kwa visima miaka mingi sana, ndio maana tuna mtaa mzima unaitwa Kisimani. Pale juu watu wanaposimama kuteka ni mdomo wa kisima. Na ile methali ya mchimba kisima huingia mwenyewe inataka uone jambo hilo hilo, kwamba kisima kina chini na anayechimba yuko ndani yake.

Lakini pwani shimo limetanuka kidogo kupita hivo na ni vizuri kujua. Ukienda kusini huko Kwale, mkabala na Wasini, kuna mji unaitwa Shimoni, na mji umeitwa hivo kwa ajili ya mapango, yale mapango ya mawe ya matumbawe ambayo wageni huenda kuonyeshwa wakisimuliwa habari za utumwa. Kwa hivo wenyeji waliona pango wakaliita shimo, na hawakukosea, pango ni uwazi ulioingia ndani ya jabali ama ndani ya ardhi na una mwisho wake. Tena huku kwetu Shanzu kuna Shimo la Tewa, wengi wanalijua kwa jela na kwa shule, wachache wanajua kwamba tewa ni yule samaki ambaye wengine wanamwita chewa, na chewa kawaida yake ni kukaa ndani ya uwazi wa mwamba akingoja. Sisi wa Mvita, yani Mombasa, tunasema t pale ambapo wengine wanasema ch. Mvuvi akikwambia hapa pana shimo la tewa anakuonyesha nyumba ya samaki.

Haya, tundu. Tundu ni jembamba, mara nyingi linatokeza upande wa pili ama linaelekea ndani ya kitu, na muhimu zaidi ni kwamba kuna kitu kinatakiwa kipite pale. Ufunguo unapita kwenye tundu la kitasa, uzi kwenye tundu la sindano (wengine husema jicho la sindano, yote sawa), uzi tena kwenye tundu la ushanga, pumzi kwenye tundu za pua ambazo ukitaka kuzungumza kwa adabu ya kizamani utaziita mianzi ya pua, upepo kwenye matundu ya nzumari. Stima inapita kwenye tundu za soketi. Kwa hivo simu yako ikikataa kuingiza chaji usimwambie fundi wa simu "shimo limeharibika", mwambie "tundu la chaja limeziba, nizibulie", hapo ameshajua achukue kisindano na brashi asianze kufungua simu nzima. Tundu hutobolewa, huziba, huzibwa, huzibuliwa. Halifukiwi. Ukifukia tundu umechekesha watu.

Tundu pia ni kile kizimba cha ndege ama cha kuku, na ukitazama utaona kwa nini, kimejaa nafasi za kupitisha hewa. Kiota ndicho anachojenga ndege mwenyewe, tundu amejengewa na mtu.

Kwenye mwili wa mtu usiseme kutoboa kama unataka Kiswahili kitamu, sema kutoga. Mtoto wa kike hutogwa masikio, akikua akitaka kipini hutogwa pua. Fundi anatoboa ukuta na ngozi ya ngoma, masikio ya mwanao hutogwa. Najua wengi mjini sasa wanasema kutoboa masikio na wanaelewana, lakini bibi akisikia "wamtoboa mtoto" anashtuka.

Na kuna matundu ambayo yana jina lake peke yake kwa sababu ya ufundi. Ichukue kofia ya mkono, ile nyeupe ya kushonwa, uiinue kwenye mwanga. Utaona vitundu vidogo vidogo sana vimepangwa kwa mistari na maua, kila kimoja kimezungushiwa uzi ukingo wote ili kisiachie, na hivyo vinaitwa viua. Mshonaji anatoboa kwa sindano kwanza, anasukuma nyuzi za kitambaa pembeni bila kuzikata, halafu anazungusha uzi akikaza kila mshono, na kofia moja inaweza kumkalia miezi mikononi. Kofia ya viua ni ghali kwa sababu hiyo. Ukienda dukani ukiuliza "kofia yenye mashimo" muuzaji atakuelewa lakini umemvunjia mtu kazi yake.

Tobo ni ndugu wa tundu lakini ni ndugu mbaya. Tobo hakuna aliyelitaka. Mfano ulio wazi ni neti ya kitandani, neti yote ni matundu, ndiyo kazi yake ipitishe hewa, lakini mbu ameingilia tobo. Sufuria ina tobo, karai lina tobo, soksi ina tobo la kidole gumba, tairi limepata tobo ingawa huko sote tunasema pancha na hakuna haja ya kubishana na pancha. Neti ya mvuvi nayo haina matundu kwa lugha ya wenyewe, ina macho, wavu wa macho makubwa, wavu wa macho madogo, na hayo macho madogo ndiyo yanayoleta ugomvi na watu wa uvuvi kwa kuwa yanazoa mpaka watoto wa samaki. Macho pia ndiyo yale matatu kwenye kifuu cha nazi, moja wapo ni laini na ndilo unalotoboa kwa kijiti ukitaka maji yake, na mche wa mnazi hutokea hapo hapo.

Kutoka kwa tobo tumepata mpaka misemo. Kutoboa siri. Kutoboa maisha, yani kufanikiwa. Mchezaji akipitishiwa mpira katikati ya miguu amepigwa tobo na uwanja mzima unapiga kelele.

Kwenye nguo kuwa makini zaidi. Nguo ikipata uwazi wa mviringo, wa moto wa sigara ama wa mende, imetoboka. Ikiwa uwazi ni mrefu kama umenaswa na msumari imechanika ama imetatuka. Ikiwa ni uzi wa cherehani ndio umeachia na kitambaa chenyewe ni kizima, mshono umefumuka. Ukimtumia fundi cherehani meseji ukasema imefumuka anajua ni kazi ya dakika chache, ukisema imechanika anajua atatafuta kiraka, kwa hivo hapa neno moja linaweza kukuokolea pesa.

Sasa mwanya na pengo, hawa wawili ndio napenda sana kuwaeleza manake wanakaa mdomo mmoja. Mwanya ni nafasi kati ya vitu viwili ambavyo vyote vipo. Meno mawili ya mbele yameachana kidogo tangu yameota, huo ni mwanya, na pwani mwanya ni urembo, umeimbwa na utaimbwa. Pengo ni mahali ambapo palikuwa na kitu kikatoka. Jino limeng'oka, hapo kuna pengo. Kisu kikigonga mfupa makali yakamegeka kimepata pengo. Mtu akifariki tunasema ameacha pengo, hakuna anayesema ameacha mwanya, na ukilisema hilo msibani utawaudhi wenye msiba. Kwa hivo mtu mwenye mwanya msifu, mwenye pengo usimtaje. Mwanya pia uko kati ya mlango na sakafu, pale panapoingia vumbi na mende, uko kati ya mabeki wawili kwenye mpira, uko kwenye sheria ambayo imeandikwa vibaya watu wakapitia hapo hapo. Mwanya huachwa, huonekana, hutumiwa. Pengo huachwa pia lakini huzibwa, ama halizibiki.

Upenyo unakaribiana na mwanya ila wenyewe unasisitiza kupita kwa shida, kwa kujibana. Watu wamejaa feri ya Likoni saa ya kutoka kazini, wewe ukapata upenyo ukapita mpaka mbele. Vile vichochoro vya Mji wa Kale ni njia na vina majina yake, lakini ile nafasi kati ya nyumba mbili ambayo hata mkokoteni haupiti wala mtu mnene hapiti bila kugeuka ubavu, ule ni upenyo. Kitendo ni kupenya, mwanga hupenya, panya hupenya, habari hupenya.

Ufa nao ni mstari. Ufa unaanza mdogo na una tabia ya kuendelea, na hapo ndipo ilipo nguvu ya ile methali usipoziba ufa utajenga ukuta. Kioo kina ufa, ukuta una ufa, chama cha siasa kina nyufa. Wingi ni nyufa tafadhali, si maufa. Ukishaweza kuingiza mkono mle si ufa tena, ukuta umebomoka.

Ukitaka kuona ufa, mwanya na tobo vinavyotengana kazini nenda kamtazame fundi wa vyombo. Jahazi ama mashua ikikaa juu ya nchi kavu kwa muda mbao hukauka zikanywea, na zile mbao zikiachana kati yake hutokea mianya mirefu kuanzia mbele mpaka nyuma. Hiyo si kuharibika, ni mbao zinavyofanya. Fundi anachukua pamba, anaisokota kwa mafuta mpaka iwe kama kamba, halafu anaishindilia kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo, tok tok tok, anasogea, tena tok tok tok, na ukimsikiliza unajua amefika wapi manake pamba ikijaa sauti inabadilika. Kazi hiyo ni kukalafati. Chombo kikishushwa majini mbao zinafura tena zinabana ile pamba, maji hayapati pa kupita. Lakini kwenye ubao huo huo akiona ufa umekata kwenye nyama ya mti yenyewe, hatakalafati akaondoka, atauangalia unaelekea wapi na pengine ubao wote utolewe. Na akikuta matobo madogo kama ya sindano, unga unga unatoka, hapo ubao umebunguliwa na wadudu, na dawa yake ni nyingine tena, ndio maana chini ya chombo hupakwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu, yani mafuta ya mnyama. Uwazi wa namna tatu kwenye ubao mmoja, kila mmoja na tiba yake, sasa niambie mtu anayeita yote shimo atamweleza vipi fundi.

Ndani ya nyumba kuna maneno ambayo yanakufa upesi kwa sababu nyumba zenyewe zinabomolewa zinajengwa ghorofa. Kidaka ni uwazi ndani ya ukuta ambao hautokezi nje, wa kuwekea taa ama vyombo ama msahafu, Lamu utasikia zidaka na wameziweka kuta nzima zimepambwa. (Kidaka pia ni nazi changa kabisa kabla haijawa kitale, usichanganye.) Shubaka linaweza kuwa kama kidaka, na pia ni kidirisha kidogo kwenye ukuta mnene. Nenda Ngomeni, Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, na uzitazame zile kuta, utaona penye matundu ya mizinga yaliyotazama bahari, kisha kuna njia ya matao iliyokatwa kwenye mwamba kuteremka upande wa baharini, na utakuwa umeona tundu, tao na njia mahali pamoja. Mwalimu akipeleka wanafunzi pale awaulize kila uwazi unaitwaje, ni somo zuri kuliko karatasi.

Chini ya kitanda ni mvunguni. Mvungu ni uwazi ulio chini ya kitu, hauna ukuta, una paa tu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Vyombo vya kumiminia vina mdomo. Mdomo wa chupa, mdomo wa dele la kahawa. Jiko la makaa kule chini lina mlango, unaufungua hewa iingie, na pale juu makaa yanapokaa pana matundu ya kudondoshea majivu. Mlango ni neno kubwa kwetu kwa sababu ya bahari pia. Uwazi kwenye mwamba ambao chombo kinapitia kutoka nje kuingia maji ya ndani ni mlango, na hata njia nyembamba ya bahari kati ya nchi mbili ni mlango, ndio maana kwenye habari husikii shimo la Hormuz wala tundu la Hormuz, unasikia Mlango wa Hormuz.

Mahali ambapo maneno haya hayana mchezo kabisa ni kaburini. Kaburi lenyewe ni shimo, linachimbwa, lakini ndani yake, chini, upande wa kibla ambacho kwetu Mombasa kiko kaskazini, unachimbwa uwazi mwingine wa kumlaza maiti kwa ubavu wake wa kulia, na huo unaitwa mwanandani. Maiti akishalazwa panafunikwa kwa viunza, mbao zile, ili udongo usimwangukie, ndipo mchanga unarudishwa. Kijana anayekwenda kuchimba kwa mara ya kwanza akiambiwa na wazee "panua mwanandani kidogo" akaanza kupanua shimo lote kazi itachelewa na watu wako njiani na jeneza. Tafadhali wafundisheni vijana neno hili kabla hawajalihitaji.

Kuhusu sarufi, tundu linawasumbua watu. Utasikia "tundu hili, matundu haya" na utasikia pia "tundu hii, tundu hizi", zote ziko midomoni mwa wenyeji, ila ukiandika mtihani ama barua ya kazi shika hili na haya. Shimo ni hili na haya bila ubishi, pengo hivyo hivyo, tobo hivyo hivyo. Mwanya huu, mianya hii. Ufa huu, nyufa hizi. Upenyo huu, penyo hizi. Ukitaka kupunguza weka ki, kitundu, kishimo, na vile vishimo vya mashavuni mtu akicheka ni vishimo, havina chini ya kutisha lakini vina chini. Ukitaka kusema mahali ongeza ni, shimoni, mvunguni, kisimani, na ukishaongeza kumbuka kama ni ndani utasema mle, "ameingia shimoni mle", kama ni pale juu karibu yake utasema pale, "amekaa kisimani pale", manake aliyekaa kisimani mle anahitaji kamba haraka.